Pan-European ya 1994: nifungue wapi kwanza msimu huu wa baridi?

Msafiri wa Leeds, 9 Novemba

Habari za jioni, ndugu zangu. Mwezi Septemba nilinunua pikipiki ya safari ndefu aina ya Honda ST1100, ambayo huku Ulaya inajulikana zaidi kwa jina la Pan-European, ya mwaka 1994, kutoka kwa mzee mmoja aliyeacha kuendesha kwa sababu ya magoti. Mita yake inasoma maili 71,000, yaani kama kilomita 114,000, na daftari la matengenezo limeandikwa kwa mwandiko mzuri kabisa mpaka mwaka 2015. Baada ya hapo kurasa ni tupu. Ni ile yenye breki za kawaida, isiyo na ABS. Nimekaa nayo wiki chache na nimeipenda, lakini sasa asubuhi zimeshuka hadi nyuzi 2, magari ya kumwaga chumvi yameanza kupita usiku, na pikipiki imeanza kuonyesha dalili ambazo Septemba haikuzionyesha.

Kwanza, kila asubuhi ya baridi nakuta doa la kijani chini ya injini, kubwa kama kisahani cha chai. Nikiiwasha ikapata moto, hakuna kinachodondoka tena, na hata nikipapasa mipira ya maji ninayoweza kuifikia, mkono unatoka mkavu. Pili, kwa dakika kama kumi za mwanzo injini inamisi, mngurumo unapanda na kushuka, na kuna harufu ya petroli ambayo siioni inakotoka. Tatu, nikiipandisha kwenye stendi kubwa na kulizungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, linakwenda robo mzunguko na kusimama, na nikitoka safari fupi diski ya nyuma huwa ya moto kuliko za mbele. Nne, wiki iliyopita nilirudi kutoka kazini jioni nikiwa nimevaa kizibao changu cha umeme na mishikio ikiwa imewashwa joto, nikakwama kwenye foleni nusu saa, nikazima injini kituo cha mafuta, na stata ikapiga kelele moja tu ya "tik" na kunyamaza. Nilisukumwa na kijana wa kituo.

Niliipeleka kwenye gereji moja hapa mjini. Fundi aliisikiliza kwa muda usiozidi dakika tano, akaniambia injini imechoka na kwamba busara ni kuiuza kama vipuri. Sikubaliani naye, lakini sina hoja za kumjibu. Nina banda la bustani lisilo na joto, taa nzuri, seti ya spana za kawaida, mita ya umeme, na kitabu cha matengenezo. Mwezi Juni nataka kupanda feri ya usiku kutoka Hull kwenda Rotterdam, kisha nishuke mpaka Alpi nipande njia ya Stelvio, ambayo iko mita 2,757 juu ya usawa wa bahari. Cheti cha MOT, ule ukaguzi wa lazima wa kila mwaka, kinakwisha Februari. Je, niendelee kuiendesha huku nikitengeneza kidogo kidogo, au niilaze kabisa? Na nikiilaza, nianzie wapi?

Fundi Mstaafu, 10 Novemba

Karibu, kijana wangu. Mimi nilianza kazi ya ufundi kwenye karakana ya mabasi pale Tanga, nikamalizia Birmingham, na kwa miaka kumi na miwili nilimiliki pikipiki kama hiyo yako. Aliyekuambia injini imechoka hakuifungua, kwa hiyo tuseme alikuwa na haraka ya kwenda kula. Injini hiyo ya V4, yaani silinda nne zilizopangwa kama herufi V, yenye ujazo wa sentimita 1,084 ndiyo sehemu ya mwisho kabisa kukusumbua. Katika dalili nne ulizoandika, hakuna hata moja inayotoka ndani ya silinda.

Ilaze. Tangaza SORN, yaani iarifu serikali kwamba pikipiki haiko barabarani, uache kulipa kodi ya barabara kwa miezi hiyo, na Februari utaruhusiwa kuiendesha moja kwa moja kwenda kwenye MOT uliyokwisha kuiwekea miadi. Sababu yangu si baridi, ni chumvi. Kila siku unayoiendesha sasa unapaka maji ya chumvi juu ya bolti ambazo Januari utataka zikubali kufunguka. Kabla ya kuiingiza bandani ioshe kwa maji mengi ya baridi, usitumie maji ya moto kwa sababu yanaharakisha kazi ya chumvi, na usipige mashine ya shinikizo kwenye beringi za magurudumu. Ikaushe siku nzima ndipo uifunike, na iwe kwa kitambaa kinachopumua, wala si turubai la nailoni.

Sasa nikueleze jinsi ninavyoiangalia pikipiki hii, kwa sababu watu wengi huifuata dalili kwa dalili na matokeo yake huifungua mara sita kwa kazi sita. ST1100 ina milango miwili tu. Mlango wa kwanza uko juu: chini ya kile kinachofanana na tenki hakuna tenki, kuna boksi la filta ya hewa, na chini yake kabureta nne zimelala katikati ya ile V, na chini ya kabureta kuna mipira ya maji na mipira midogo ya mvuto wa hewa. Tenki lenyewe la lita 28 liko chini ya siti. Mlango wa pili uko nyuma: gurudumu, difu, propela, na mkono wa nyuma unaobeba vyote hivyo. Ukishaufungua mlango, fanya kila kazi iliyo nyuma yake hata kama kifaa bado kinaonekana kizima, maana kifaa chenyewe ni paundi chache na kukifikia ni siku mbili.

Doa lako la kijani na kumisi kwako viko nyuma ya mlango wa juu, tena vimekaa sentimita chache tu kutoka kimoja hadi kingine. Mpira wa miaka thelathini umekauka na kuwa mgumu kama soli ya kiatu. Usiku, bomba la chuma husinyaa, mpira haulifuati, klipu imefika mwisho wa kubana, na maji yanapenyeza kwa matone yanayokusanyika kwenye bonde la V kisha yanashuka. Injini ikipata moto, chuma hutanuka na mlango hujifunga wenyewe, na ndiyo maana mkono wako unatoka mkavu. Vivyo hivyo kwa petroli: kati ya kabureta na kabureta kuna vijiti vya mafuta vyenye pete ndogo za mpira, nazo kwenye baridi husinyaa na kuvuja kidogo mpaka zipate joto. Harufu unayoisikia bila kuona tone ni hiyo, kwa sababu petroli hiyo inaangukia juu ya injini na kupotea hewani. Usiichukulie kama jambo dogo, na usiwashe hita ya moto wazi ndani ya banda.

Kwa hiyo toa kabureta zote nne zikiwa zimeshikana, usizitenganishe pasipo sababu. Badilisha mipira yote ya maji iliyo chini yake, klipu zote, themostati, mipira yote ya mvuto wa hewa na ya mafuta, na filta ya petroli. Fungua bakuli za kabureta, toa jeti ndogo za mngurumo, ziinue dhidi ya taa: ukiona tundu dogo la duara kamili, ni safi, ukiona mwanga uliokatika au usipoona kitu, hiyo ndiyo silinda inayomisi. Usizichokoe kwa waya wa chuma kwa kuwa utapanua tundu na kubadilisha kipimo chake. Dawa ya kusafishia kabureta na hewa ya pampu vinatosha, na kama havitoshi, unyuzi mmoja wa nailoni. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida hapa Uingereza ni E10, ambayo ethanoli yake inavuta unyevu na kukaa vibaya ndani ya kabureta zinazolala; mimi pikipiki yangu nilikuwa nikiijaza ile ya E5, yenye ethanoli kidogo zaidi na bei ya juu, mara mbili za mwisho kabla ya kuilaza.

Maji ya rejeta yawe nusu maji yaliyochujwa ya betri na nusu kizuia-barafu kisicho na silikati, kwa sababu silikati hula sili ya pampu ya maji. Mchanganyiko huo utakulinda hadi takribani nyuzi 35 chini ya sifuri, na Leeds haijawahi kukudai kiasi hicho.

Ukiwa hapo hapo pima vali, injini ikiwa baridi kabisa: za kuingiza milimita 0.16, za kutolea 0.25, kila moja ikiruhusiwa kupotoka 0.03. Ziko kumi na sita na zinatumia vipande vya chuma vya unene mbalimbali, kwa hiyo kuzirekebisha ni kazi ya uvumilivu, lakini kwa uzoefu wangu mara nyingi utazikuta ziko sawa na utafunga tu. Andika vipimo vyote kumi na sita kwenye daftari la yule mzee, mahali alipoachia. Mkanda wa taiming nao, kama hakuna ushahidi wa kubadilishwa, mimi ningeubadilisha kwa umri wake bila kuangalia maili.

Breki ya nyuma nitaiacha mpaka ulitoe gurudumu. Na kuhusu umeme, pale nyuma ya injini kuna alteneta ya ampea 28 ambayo ni ugonjwa unaojulikana wa miaka ya mwanzo ya pikipiki hizi. Kuanzia 1996 Honda waliweka ya ampea 40. Kuitoa kunahitaji mkono wa nyuma utoke. Nakushauri uivue na kuweka ile kubwa.

Binti Kisauni, 10 Novemba

Shikamoo, Mzee wangu. Kwa kila ulichoandika kuhusu kabureta sina la kuongeza, lakini kwenye umeme nitaomba ruhusa ya kukupinga, kwa kuwa kubadilisha alteneta bila kuipima ni kosa lile lile la yule fundi wa dakika tano, ila la gharama zaidi. Mimi ni fundi umeme wa viwandani hapa Hamburg na ninaendesha ya mwaka 1993.

Ndugu yangu Msafiri, kwanza fanya hesabu. Ampea 28 mara volti 14 ni wati 392, na hizo hupatikana injini ikiwa inazunguka kwa kasi, si kwenye foleni. Taa yako ya mbele ina balbu mbili za wati 55 kila moja, hizo ni 110. Weka pampu ya petroli, mfumo wa kuwasha cheche, taa za nyuma na dashibodi. Foleni ikirefuka, feni ya rejeta nayo inaamka. Kisha wewe ukaongeza kizibao cha umeme, ambacho aghalabu hula wati 70 hadi 90, pamoja na mishikio ya joto. Kwa nusu saa ile ulikuwa unakula akiba ya betri, na alteneta nzima kabisa ingekuangusha vilevile. Kwa hiyo kisa hicho peke yake hakithibitishi ubovu.

Pima hivi. Betri ichajiwe ijae, ipumzike usiku mmoja, asubuhi isome volti 12.6 au zaidi, ikisoma 12.2 baada ya kulala imejaa, hiyo ni ya kutupa na huna haja ya kutafuta mchawi mwingine. Kisha washa injini, panda hadi mizunguko 4,000 au 5,000, taa zikiwa zimewaka, na upime kwenye vichwa vya betri: nataka kuona kati ya 13.8 na 14.5. Ukipata pungufu, fuata nyaya tatu za manjano zinazotoka kwenye alteneta mpaka kwenye plagi yake. Plagi hiyo ndiyo mgonjwa mkuu. Inapitisha mkondo wote kupitia vipini vidogo vilivyoanza kupata kutu, kutu inaleta ukinzani, ukinzani unaleta joto, na joto linayeyusha plastiki mpaka vipini vinalegea na kuongeza joto zaidi. Ichomoe uiangalie kwa macho na kuinusa. Ikiwa imeungua, pima umeme kati ya waya na waya upande wa alteneta, mita ikiwa kwenye umeme geu (AC): jozi tatu zitoe namba zinazokaribiana, na pasiwe na waya hata mmoja unaogusana na bodi. Zikikaribiana, alteneta yako ni nzima. Kata plagi, unganisha nyaya moja kwa moja kwa lehemu, weka mirija inayosinyaa kwa joto, na utakuwa umetengeneza kwa bei ya kikombe cha kahawa.

Usipime kwa mara moja ukaridhika. Mimi nilipima pikipiki ikiwa ya baridi, nikafurahi, kisha nikalala njiani karibu na Hannover kwa sababu waya mmoja ulikuwa unagusa bodi baada ya dakika arobaini tu za joto.

Mkazi wa Baridi, 11 Novemba

Nawasalimu kutoka Minneapolis, ambako nyuzi 2 tunaziita siku ya kufua nguo. Mambo machache tu ya kulaza. Betri itoe kabisa na uiweke ndani ya nyumba: iliyojaa haigandi katika baridi yoyote utakayoiona Leeds, lakini iliyokwisha inaganda nyuzi chache tu chini ya sifuri, na ikishaganda mabamba yake yanapinda. Tenki la chuma lijaze pomoni pamoja na dawa ya kuhifadhi petroli, ili pasibaki nafasi ya hewa yenye unyevu, lakini bakuli za kabureta zimwage. Oili ibadilishe sasa, si machipuko, kwa maana oili chafu ina asidi na maji yanayokaa juu ya beringi miezi minne.

Na tafadhali, usiende bandani kila Jumapili kuiwasha dakika tano ili "kuichangamsha". Dakika tano hazipashi ekzosi joto la kutosha kukausha maji yanayozalishwa humo, kwa hiyo unaijaza maji kila wiki na kuyaacha yalale. Ukitaka kuichangamsha, zungusha magurudumu kwa mkono na uondoke.

Tundu la kuingizia hewa lizibe kwa wavu wa chuma. Panya wa huku alijenga kiota ndani ya boksi langu la filta kwa kutumia sufi ya jaketi langu mwenyewe.

Msafiri wa Leeds, 23 Novemba

Nawashukuru sana. Shikamoo tena, Mzee. Dada, ulikuwa na haki kwenye umeme, ingawa mambo hayakuishia hapo.

Betri ilikuwa nzima: 12.7 baada ya kulala. Injini ikiwa kwenye mizunguko 5,000 nilipata 13.1, nikainua siti na kutoa kava za pembeni, nikafuata nyaya za manjano. Plagi ilikuwa nyeupe zamani. Sasa ilikuwa na rangi ya mkate ulioungua, na kipini cha katikati kilitoka pamoja na kipande cha plastiki kilichoyeyuka na kukishikilia. Jozi tatu zilitoa namba zinazolingana, nami nikarudia kipimo baada ya injini kuwa ya moto mpaka feni ikaamka. Hakuna waya uliogusa bodi. Nimeunganisha kwa lehemu, na sasa napata 14.1 taa zikiwa zimewaka. Sikuhitaji alteneta.

Kisha nikalitoa gurudumu la nyuma kwa ajili ya breki. Pini moja ambayo kalipa, kile kifaa kinachoibana diski, huteleza juu yake ilikuwa imeshikana kabisa, nikaigonga kwa nyundo ya mpira na dawa ya kulegeza kutu kwa jioni mbili. Pistoni zilitoka kwa kusukumwa na oili ya breki yenyewe. Ndani ya mifereji ya sili nilikuta unga mweupe mgumu kama chokaa, na unga huo ndio ulioisukuma sili kwa ndani mpaka ikaikaba pistoni. Meno ya kuunganisha gurudumu na difu yalikuwa makavu yenye vumbi jekundu, lakini bado ni mapana na hayajachongoka. Tairi ya nyuma, saizi 160/70-17, ina kashata nzuri, ila namba yake ni 1914, yaani wiki ya 19 ya mwaka 2014, na kwenye mashavu kuna nyufa za nywele.

Jambo linaloninyima usingizi ni hili. Nilipokuwa nasafisha mkono wa nyuma, ule upande usio na propela, karibu na palipochomelewa bomba la kuvuka, rangi ilikuwa imetuna kama chunusi. Nikaigusa kwa bisibisi bila kutumia nguvu. Bisibisi iliingia. Niliichomoa, maji machafu kiasi cha kijiko cha chai yakatoka, na sasa kuna tundu ninaloweza kuingiza ncha ya kidole. Jirani yangu ana mashine ya kuchomelea na amejitolea kuweka kiraka. Je, nimkubalie?

Fundi Mstaafu, 23 Novemba

Marahaba. Usimkubalie, na umshukuru kwa moyo wake.

Tundu unaloliona ni mahali ambapo chuma kimekwisha. Kukizunguka kuna eneo ambalo chuma kimebaki na unene wa karatasi, na kiraka utakichomelea kwenye karatasi hiyo. Gonga kwa nyundo ndogo kuanzia mbali ukikaribia tundu, usikilize: mlio utaanza kama kengele na utaishia kama debe. Hapo unapobadilika ndipo mwisho wa chuma kizima, na nakuhakikishia ni mbali kuliko unavyodhani. Bomba lile linakusanya maji ndani kwa sababu hayana pa kutokea, na kutu yake inaanzia ndani kwenda nje, kwa hiyo rangi inapotuna mambo yamekwisha siku nyingi. Pikipiki hiyo ina uzito wa karibu kilo 300 kabla hujapanda wewe na mizigo ya wiki mbili, na sehemu hiyo ndiyo inayolishika gurudumu la nyuma kwenye kona za Stelvio. Hata mkaguzi wa MOT akiona kutu iliyodhoofisha sehemu ya namna hiyo ataifelisha, na atakuwa sahihi.

Tafuta mkono mwingine kwa wauza vipuri vya pikipiki zilizovunjwa, na ununue baada ya kuugonga kwa nyundo wewe mwenyewe, siyo kwa picha. Muulize muuzaji kama pikipiki ilitoka kusini au ilikuwa ya polisi. Za polisi zina maili nyingi na huoshwa kila siku, nami sijaamua kama hilo ni jema au baya. Ukishaupata, kabla ya kuufunga mimina nta ya kuzuia kutu kupitia matundu yaliyopo, uugeuze huku na huku mpaka uione ikitoka upande wa pili. Usitoboe tundu jipya.

Nati inayofunga ekseli ya mkono huo inataka soketi yake maalumu yenye meno. Usiigonge kwa patasi. Wengi wameigonga, na mara ya pili wakashindwa kuikaza kwa kipimo.

Na dada yetu amenifunza kitu: nilikuwa tayari kukununulisha alteneta ambayo huihitaji. Ila mlango wa nyuma umefunguka hata hivyo, kwa hiyo ukiwa umeutoa mkono angalia pembe zote za alteneta, uipige brashi nyaya zake, na upime tena zile jozi tatu. Meno ya difu na ya propela yapake ile grisi nzito yenye molibdeni nyingi, asilimia 60 kama utaipata. Grisi ya kawaida hutupwa nje na mzunguko ndani ya miezi michache na kukuachia vumbi jekundu uliloliona. Badilisha pete za mpira zilizopo hapo, maana ndizo zinazoizuia isitoke. Pini za kalipa na sili zake zitumie grisi ya mpira peke yake, kwa sababu grisi ya madini huivimbisha sili na utarudi ulikotoka. Mifereji ile ikwangue kwa kijiti cha plastiki au cha mbao, usitumie chuma. Oili ya breki DOT 4, mpya, chupa iliyofunguliwa siku hiyo, na uibadilishe ya mbele na ya klachi pia.

Tairi zote mbili, usibishane.

Binti Kisauni, 24 Novemba

Nakubaliana na Mzee kuhusu mkono. Kwa kizibao chako, badilisha balbu za nyuma na za dashibodi ziwe za LED, utapata wati kadhaa za bure, na funga kipimo kidogo cha volti mahali unapokiona ukiwa umevaa kofia. Kikishuka chini ya 13 kwenye foleni, zima mishikio kwanza, kizibao baadaye. Kifua ni muhimu kuliko vidole.

Msafiri wa Leeds, 12 Januari

Taarifa fupi. Mkono nimeupata Sheffield, wa pikipiki ya 1999, nimeugonga kwa nyundo mbele ya muuzaji aliyedhani nina wazimu, na mlio ni wa kengele mwanzo hadi mwisho. Mipira ya maji imebadilishwa yote. Ile ya zamani ilivunjika mkononi kama muhogo mkavu. Jeti ya silinda ya tatu ilikuwa haionyeshi mwanga kabisa. Vali kumi na nne ziko sawa, mbili za kutolea zimebana kwa 0.02 kupita kiwango, na nimeagiza vipande vyake.

Kesho ni zamu ya beringi za gurudumu la nyuma. Kwa mujibu wa kitabu nimeziweka kwenye friza tangu jana ili zisinyae, na asubuhi nitaipasha kitovu cha rimu joto kwa mashine ya kukaushia nywele. Mke wangu amezikuta kando ya kisamvu na ameuliza swali moja tu, kama zinaliwa na wali au na ugali.

Fundi Mstaafu, 12 Januari

Zisukume kwa kukandamiza pete ya nje, usiguse ya ndani. Ukisikia mlio wa nyundo umebadilika kuwa mzito, zimefika. Na usisahau kile kibomba cha katikati kabla ya kuingiza ya pili.